Mto Katikati ya Kitanda

Mhudumu wa chumba alikuwa ameuondoa mto tena. Ornella aliporudi kutoka kwenye kifungua kinywa alikuta kitanda kimetandikwa vizuri, na pale katikati alipokuwa ameuweka mto wake wamekaa bata maji wawili wa taulo, wanabusiana. Akawakunjua, akaurudisha mto mahali pake.

"Jioni atatuletea na vifaranga," alisema Fausto kutoka kwenye roshani. Hakugeuka.

Ilikuwa siku ya mwisho ya safari. Meli ilikuwa mji mzima, yenye maduka, mabwawa ya kuogelea na foleni ya kila kitu, hata ya tikiti maji. Watu walidamka kuwahi viti vya kuotea jua, wakaviwekea taulo, kisha wakarudi kulala. Lakini bahari ilikuwa nzuri, mtu asiseme uongo, na mkate ulitoka jikoni wa moto. Ornella aliyaona yote, mazuri na mabaya, na hakuna hata moja lililomgusa.

Moyo wake ulikufa ganzi mwezi wa pili, siku askari wa barabarani alipompigia simu. Gari la mumewe lilikuwa limepata ajali njia ya Savona, ilhali mwenyewe aliaga kwamba anakwenda Torino kikazi, na ndani ya gari hilo kulikuwa na mwanamke. Miaka yote ile ya ndoa, halafu habari zinamfikia kwa sauti ya askari mwenye mafua.

Hakupiga kelele wala hakulia. Ndiyo maana alikubali kupanda meli hii. "Nikirudi Genova," alimwambia dada yake, Bruna, "nitakuwa nimemsamehe au nimemchukia. Lolote kati ya hayo mawili. Nimechoka kuwa gogo."

Bruna alipiga simu kila walipotia nanga.

"Umemsamehe?"

"Bado."

"Unamchukia?"

"Nalo bado."

"Sasa huko mnafanya nini, mdogo wangu?"

"Tunakula," alisema Ornella. "Chakula kipo kingi."

Fausto hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, upole wa kuchosha. Kila asubuhi alimuuliza kama anaweka sukari kwenye kahawa, mpaka siku ya nne alipokumbuka mwenyewe kwamba haweki. Ukanda wa kiatu ulipomkatikia Palermo, Fausto alimuuliza anavaa namba ngapi, akaenda, akarudi na ndara nyekundu zilizombana kidogo. Na alimwita "signora", yaani bibi, kama muuza duka anavyomwita mteja.

Mezani walipangiwa kukaa na Assunta na mumewe Mimmo, watu wa Bari, wenye maneno mengi na vicheko vikubwa kuliko sahani zao.

"Msikieni! Signora!" Assunta alisema jioni ya kwanza. "Huyu bado anakutongoza, shoga. Wangu mimi ananiita 'we!'"

"Siku nikikuita signora," alisema Mimmo, "si utanipekua mifuko?"

"Nitakupekua mpaka soksi. Haya, na nyie ndoa yenu ina miaka mingapi?"

"Ishirini na sita," alisema Ornella.

"Kumi na tisa," alisema Fausto, kwa wakati uleule.

Mimmo alicheka mpaka akapaliwa na divai. "Kaka, hapo umejimaliza! Leo unalala kwenye mashua ya kuokolea!"

"Muache," alisema Assunta. "Na safari hii aliichagua nani?"

"Mke wangu," alisema Fausto. "Alitaka chumba chenye roshani."

Ornella aliendelea kuchambua mifupa ya samaki wake.

Jioni ya mwisho walitoa masanduku yao nje ya mlango, kama walivyoagizwa, wakashuka kwenda kula. Kwenye lifti walikuwa peke yao.

"Umekipata ulichokifuata?" Fausto aliuliza.

"Hapana. Wewe?"

"Mimi sikufuata kitu. Nilichoka tu kukaa nyumbani."

Walikuwa wamemaliza nyama taa zilipopunguzwa. Wahudumu wakaingia kwa msururu, wanaimba na kupiga makofi, na aliyetangulia amebeba keki yenye mishumaa. Ornella alidhani watapita. Wakasimama mezani kwao.

"Kama mlivyoagiza mlipokata tiketi," alisema mkuu wa wahudumu na kuinama. "Chokoleti mpaka ndani."

"Kumbe mlitufichia!" Assunta alipiga makofi.

Ornella aliikodolea macho ile keki. Nyumbani kwake chokoleti haikuingia, kwa sababu mumewe alisema inamwasha.

Assunta aliinama kusoma maandishi ya krimu. "'Renzo na Ivana, milele.'" Akakunja uso. "Renzo na Ivana ndio akina nani? Jamani, mmekosea meza!"

Mkuu wa wahudumu aliona haya, akanyoosha mikono kuiondoa keki.

"Iache," alisema Ornella. "Hawajakosea."

Kitu kilikuwa kinamchoma kifuani, kikali, kama mkono uliolaliwa damu inapoanza kuurudia. Fausto alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yake yanatikisika. Ornella akachukua kisu, akaikata keki katikati ya yale majina mawili, na nusu ya Ivana akaisukuma mbele ya Fausto.

"Chukua mkeo," alimwambia, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza tangu wale wawili wazikwe. "Huyu wangu narudi naye nyumbani."