Pete ya Goti

Mlango wa nyumba yenye mgonjwa wa goti haufunguki mpaka mgonjwa atembee hatua elfu tatu. Ndiyo sheria, na pete anayovaa gotini ndiyo inayozihesabu. Asubuhi ambazo maumivu yalimzidi mke wangu Sikudhani, niliivaa mimi, nikaizunguka meza ya chakula nikichechemea kama yeye ili pete isinishtukie. Nimefanya hivyo mwaka mzima. Yeye hukaa akimenya vitunguu na kunicheka: “Buruta mguu, Baba Tunu. Mimi sirukiruki hivyo.”

Leo ndoa ya Tunu wetu inafungwa saa nne, na Sikudhani ameamka maumivu yamepoa. Amevaa gauni lake la kitenge, akaifunga pete mwenyewe, akaanza kuizunguka meza akiimba.

Pete ikasema kwa upole: “Samahani, wewe si Sikudhani. Tafadhali mrudishie mwenyewe.”

Alijaribu mara tatu. Mwishowe akaivua, akanipa bila kunitazama. “Ivae basi. Tunachelewa.”

Nikaivaa, nikapiga hatua moja.

“Karibu, Bi Sikudhani,” ikasema. “Leo goti linakusumbua zaidi.”

Nami nilikuwa bado sijaanza kuchechemea.