Kuinama Kwanza

"Simu, dogo. Na usinitazame."

Kisu kilielekea tumboni mwa Shaweji, mwenye mkanda mweusi wa karate, mbabe wa mazoezi yote ya wawili wawili. Mazoezini mwenzake huuliza kwanza, "Tayari?" ndipo ashambulie, lakini jambazi huyu hakuwa na adabu hiyo. Basi mwili wa Shaweji, kwa hofu, ukafanya jambo la kwanza ulilofunzwa kabla ya pambano lolote: visigino pamoja, mikono mapajani, ukainama kwa heshima zote, shingo wazi chini ya kisu.

Pale uchochoroni, kisu kikasita.

"Wewe," jambazi akanong'ona, "mwalimu wako nani?"

Shaweji hakuthubutu kuinuka. Aliona ndala za yule mtu tu, zikisogeleana taratibu mpaka visigino vikagusana.