Kompyuta Imemkataa Zuhura

"Imekataa tena," alisema Amiri, kijana wa duka la kompyuta.

Mama Zuhura alishika kifua. "Imemkataa mwanangu?"

"Kadi, mama. Kompyuta haitambui kadi."

Mama Zuhura alikuwa ameshuka Lushoto mjini na gari la kabichi kutoka Mlola, ile memori kadi kaifunga kwenye pindo la kanga. Humo ndimo zilimo picha za Zuhura, zilizopigwa kwa kamera ya mwalimu. Mama wa kijana mmoja wa Arusha aliyetaka kumposa Zuhura alisema amwone binti leo hii, la sivyo kesho anakwenda kumwangalia mwingine, Moshi.

Kwenye benchi alikaa Mzee Rubeni wa Vuga, naye na kadi yake. Nyeusi vilevile, ndogo vilevile.

"Kitendawili," mzee alisema.

"Tega."

"Nyumba yangu haifiki kidole gumba, wageni wamejaa na hakuna anayeniomba chai."

"Si kadi hiyohiyo inayotusumbua!" Mama Zuhura alicheka kwa shida. "Na wako, mzee, anakwenda wapi?"

"Tanga. Kuna watu wanamtaka."

"Mungu amsaidie. Tabia yake?"

"Mpole, hana makuu. Ameshazaa mara moja."

Mama Zuhura alimgeukia. "Na bado wanamtaka?"

"Ndiyo maana wanamtaka."

"Mh! Watu wa Tanga hao." Moyoni alishukuru. Zuhura wake hata kusimama njiani na mvulana hasimami.

Amiri aliipuliza kadi, akaifuta kwa shati. Wapi! Akaitoa, akajaribu ya mzee. Nayo ikagoma. Akaziweka zote mbili kwenye kisosi, akazima kompyuta, akaiwasha, kisha akachukua kadi moja na kuisukuma taratibu, kama anayemlisha mtoto uji wa moto.

Kompyuta ikalia *ting*.

"Imetambua!"

"Basi usianze kuangalia picha, baba, tuma! Umeme wenyewe huu wa kubahatisha."

Amiri alituma picha zote Arusha, na chini akaandika maneno aliyoambiwa na Mama Zuhura: *Tumewaletea kama mlivyotaka. Mkimpenda, njooni.* Akaongeza na namba ya simu ya mama.

Chai ilikuwa haijapoa mkononi mwa Mama Zuhura simu ilipolia. Ujumbe, kutoka Arusha! Macho yake hayakuziweza zile herufi ndogo, akampa Amiri.

"Soma kwa sauti, mwanangu, hata mzee asikie."

Amiri akasoma:

"Salamu, mama mwenzangu. Ng'ombe tumemwona, kanenepa vizuri, na nyumba nzima tumempenda. Lakini mahari si tunaleta sisi? Na binti mwenyewe, mbona hamkututumia?"