Nywele za Rozi

"Nywele za Rozi zimeota?" Gwantwa aliuliza kabla nesi hajamaliza kufungua bandeji.

"Bado, mama."

Ilikuwa siku ya kumi na mbili. Lori liliigonga bajaji pale Mlowo, mtoto akaburuzwa kwenye lami, ngozi ya utosini ikachunika hadi mfupa ukabaki wazi. Jioni ileile Daktari Osward alipandikiza ngozi mpya. Yesaya, baba mtu, ndiye aliyetia saini. Gwantwa hakuweza kushika kalamu.

Sasa kingo za ile ngozi zilianza kuwa nyeusi.

"Chini ya ngozi kuna chembe hai zinazotumiana ishara," Osward alimweleza. "Jeraha likipona vizuri, zinaiamsha mizizi ya nywele. Ishara zikikatika, mizizi inakufa, na ngozi nayo inaweza kufa."

"Ikifa, utaweka nyingine?"

"Nyingine ya kufaa hatuna pa kuitoa, mama."

"Lakini hii ni damu moja. Mwili utaikataaje?"

"Hilo ndilo tumaini letu. Tatizo ni uchafu wa barabarani. Uliingia ndani sana."

Mchana Yesaya alifika kutoka Hasamba, viatu vimeganda udongo mwekundu.

"Mama Rozi, ndugu wanakuulizia. Wanasema haijapata kutokea, mama mzazi kukosekana."

"Nitakwenda nywele zikiota."

"Na zisipoota?"

Gwantwa aliuacha uji aliomletea ukapoa. Kila asubuhi aliinamia bandeji akanusa, akiogopa harufu ya kuoza. Mtoto alimtazama tu. Tangu ajali hakuwa ametamka neno.

Siku ya ishirini nesi alifungua bandeji, akamwita daktari. Osward aliinama na tochi yake. Weusi ulikuwa umebanduka kama gamba, na katikati ya ngozi laini vilichomoza vinywele vifupi, vingi.

"Mizizi imeamka," alisema. "Ngozi imeshika."

Gwantwa alikaa sakafuni, akajiziba mdomo kwa kitenge.

Mtoto alipandisha mkono taratibu, akavipapasa vile vinywele kwa ncha ya kidole.

"Mama," Imelda alisema, "walipomzika pacha wangu Rozi, kichwa walimfunika na nini?"