Bangili ya Mzee Kalume

Mwamvita alisoma majibu ya maabara mara tatu, kisha akavua miwani. Shaba ina chembe nyepesi na nzito, na uwiano wake humwonyesha mtafiti ilikotoka. Miaka minne alikuwa akitafuta shaba katika kilima kilichokuwa nyuma ya kambi yake. Sasa sampuli kumi na mbili, za mawe ya mabonde tofauti ya kilima hicho, zilikuwa na uwiano mmoja, kama watoto wa tumbo moja. Haiwezekani.

Akatoka kwenda uani, ambako msaidizi wake, Mzee Kalume, alikuwa akitwanga mawe ya sampuli. Bangili yake ya shaba iligonga mdomo wa kinu kila mchi uliposhuka. Upande mmoja ulikuwa umelika, umebaki mwembamba kama uzi.

"Mzee, hiyo huivui hata kazini?"

"Dawa ya baridi yabisi, mwanangu. Bila hii mkono haunyanyuki."

Mwamvita akaketi vumbini. "Shaba tuliyoipata ni hiyo. Imeingia kwenye unga."

"Na kilimani?"

"Sijui. Tuanze upya."

Mzee akaivua polepole, ikaacha duara la kijani mkononi. Akatia jiwe kinuni, akaushika mchi, na wote wawili wakangoja kuona kama utanyanyuka.