Njia ya Kwenda Liwatoni

Ghala la Liwatoni lilikuwa likiwaka moto, lakini kompyuta ya Kibokoni ilishikilia kuwa Liwatoni hawajambo, njia ipo, pitieni duka la Kuze.

"Mashine hii imerogwa," akasema Ngowa, fundi mdogo wa hapo. "Waya wa Liwatoni umeungua. Hiyo njia ya Kuze imezaliwa lini?"

Nasiha alikuwa keshashika simu. Kibokoni ndiko zilikokutana nyaya za maduka yote ya kampuni yao ya samaki, na yeye ndiye fundi mkuu, lakini saa hiyo alikuwa akimpigia kakake Mzamil, fundi wa mitambo ya barafu huko ghalani. Simu imezimwa. Akapiga mamake kutoka Kuze, analia hata salamu hajatoa.

"Nyamaza, mama. Mzamil humjui? Labda kavuka Likoni kufuata viazi karai vyake."

Aliyasema tu, mama apate kupumua. Mwenyewe alishajitanda buibui, atoke mbio.

Hajafika mlangoni, akapiga khalati yake Mwanarusi, dada ya mamake, mwanamke ambaye habari hailali kifuani mwake hata usingizi wa paka.

"Alhamdulillahi, mwanangu! Mzamil kaonekana Likoni, anakula viazi karai, kidevu chote ukwaju!"

Nasiha akacheka, akalia, akaketi.

Mara simu ya mezani. Askari wa lango la Liwatoni.

"Wazima moto wauliza, kuna mtu ndani? Waingie, au wamwage maji kwa nje?"

"Hamna mtu," akasema Nasiha. "Wasijitie hatarini bure."

Akarudi kwenye kioo, moyo mwepesi. Namba ya vituo vya kupitia, iliyo kando ya jina la Liwatoni, ilikuwa ikipanda. Tisa. Kumi. Kumi na moja.

"Ngowa, ile kanuni ya kutomrudishia mtu habari aliyokupa mwenyewe, nani kaizima?"

Ngowa akajikuna kisogo. "Mimi, dada. Nilitaka maduka yajuane."

"Basi umewafungulia baraza la umbea! Kuze haijaiona Liwatoni hata siku moja. Sisi ndio tulioiambia asubuhi kuwa ipo. Sasa sisi tumepotewa nayo, na Kuze yaturudishia maneno yetu wenyewe, twayapokea kama habari mpya. Twaipa tena, yatupa tena, na kila safari inaongeza moja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kumi na sita. Hapo mashine hukubali kuwa njia haipo."

Ngowa akaangua kicheko. Nasiha naye akacheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Akaivuta simu.

"Khalati, aliyemuona Mzamil Likoni ni nani?"

"Hilo sikuuliza, mwanangu. Mimi kaniambia mamako."

Akapiga Kuze. Akakosea namba, akapiga tena.

"Mama, nani kakwambia Mzamil yuko Likoni?"

"Ebo! Nasiha, si wewe?"

Kiooni, kumi na tano ikawa kumi na sita.