Baridi ya Shavuni

Pu! Mlio ulitoka tumboni mwa tanuri la umeme, na darasa zima la ufinyanzi likaacha kazi.

"Kuna chungu kimepasuka," mwalimu alisema. "Nani kaingiza kibichi?"

Chiriku, msichana waliyempa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haujui kupumzika, leo hakuwa na neno. Sheria aliijua: kabla ya kuchoma, weka chungu shavuni. Kikiwa na baridi, bado kina maji, na kikipasuka kitavunja na vya wenzako. Asubuhi chake kilikuwa na baridi kama pua ya mbwa. Lakini maonyesho yalikuwa kesho, na mama alikuwa ameshawatangazia majirani wote. Akakisukuma tanurini, nyuma ya vingine.

Sasa akafungua mdomo aseme.

"Ni changu, mwalimu." Aliyesema alikuwa rafiki yake wa meza moja, machozi yakimlengalenga. "Kilikuwa na baridi. Nikajipa moyo tu."

"Umetuponza wote, mwanangu."

Chiriku akafumba mdomo. Akashusha pumzi, akamshika rafiki yake bega.

"Pole, mwenzangu," alinong'ona. "Si ungesema tu?"

Pu!

Wote waligeukia tanuri. Mwalimu peke yake alimgeukia Chiriku, akautazama mkono wake, ambao ulikuwa umejiendea wenyewe shavuni.